Kabla mathe hajatia sahihi karatasi ya kaboni

Kama kwenu ni Kiminini, Endebess, Kimilili, Chwele ama Bumula, pengine hii stori imeshapita kwenye grupu ya familia: ati ng'ombe wenu wana pesa ambayo hamjawahi kuidai. Mnajengewa mtambo wa bayogesi, mathe anaacha kupika kwa kuni, halafu kampuni fulani ya ng'ambo inawalipa kwa moshi ambao hamkutoa. Na kwa sababu wewe ndiye uko tao na una simu janja, swali linaletwa kwako. Hii kitu ni ya ukweli ama ni wale wale wa kila siku?

Ni ya ukweli. Pesa za kaboni zipo, na watu wa upande wa Kitale na Bungoma walizionja kabla ya Waafrika wengi. Shida ni kwamba ahadi inayotolewa sebuleni na kiasi kinachoingia M-Pesa ni vitu viwili ambavyo hata havijawahi kusalimiana. Kabla mzee hajatoa kitambulisho na mathe hajatia sahihi, wacha tupige hesabu. Haihitaji digrii. Yangu niliiacha njiani na bado nimeimudu.

Bungoma walitangulia

Turudi nyuma kidogo. Vi Agroforestry ni shirika la Uswidi lililoanza kupanda miti Pokot Magharibi mwaka 1983, na wakulima wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaijua ofisi yake ya Kitale. Shirika hilo ndilo liliendesha Mradi wa Kaboni ya Kilimo Kenya, uliowakusanya wakulima wadogo wa Magharibi na Nyanza. Haukuwa mradi wa bayogesi. Walichouza ni kaboni iliyofungiwa kwenye udongo na miti: mkulima anaacha kuchoma mabua, anatandaza masalia ya mahindi shambani, anatumia mboji, anapanda miti katikati ya mimea. Lakini njia ambayo pesa ilipitia ni ile ile ambayo pesa ya bayogesi hupitia, ndiyo maana inafaa kuitazama.

Mkataba wa kuuza na Benki ya Dunia, kupitia mfuko wake wa BioCarbon, ulitiwa sahihi Novemba 2010. Krediti za kwanza zilitoka Januari 2014. Soma tena hizo tarehe. Ni zaidi ya miaka mitatu kutoka sahihi hadi krediti, na hapo mnunuzi ni Benki ya Dunia, si jamaa mwenye ofisi juu ya duka la simu. Kwa hivyo ukiambiwa doo inaingia baada ya miezi mitatu, unajua unaongea na nani.

Krediti zenyewe zilikuwa 24,788. Krediti moja ni tani moja ya hewa ya kaboni iliyozuiwa isiende angani ama iliyoondolewa huko. Ni nyingi hadi uzigawe. Mradi ulilenga wakulima 60,000 kwenye hekta 45,000. Kwa idadi hiyo, kila mmoja anasimama na chini ya nusu tani. Hata ukisema waliokuwa wamejiunga kufikia hapo ni nusu yao, bado haifiki tani moja kwa kila kichwa. Na tayari mwaka 2011, taasisi ya IATP ya Marekani ilikuwa imepiga hesabu yake na kusema mkulima angebaki na zaidi kidogo ya dola moja kwa mwaka baada ya gharama za mradi kutolewa. Dola moja. Kwa pesa ya leo hiyo ni ndengu na chapo mbili pale stendi ya Bungoma, mara moja kwa mwaka.

Walioendesha mradi hawakuficha sana hilo. Msimamo wao ulikuwa kwamba faida kubwa ni mavuno, kaboni ni nyongeza. Mtu wa Kitale anaelewa haraka: gunia moja la ziada la mahindi linafunika dola kadhaa bila kutoa jasho.

Mwaka 2016 Vi Agroforestry ilirudi na mradi mwingine kuzunguka Mlima Elgon, safari hii ukiwa na ng'ombe ndani. Mfuko wa Livelihoods, ambao nyuma yake kuna kampuni kama Danone na Mars, uliweka mtaji. Brookside ikaahidi kununua maziwa. Mashamba 30,000 ya wakulima wadogo yakalengwa kwa kipindi cha miaka 10. Kwa maoni yangu mpango huu ulikuwa na akili zaidi, kwa sababu maziwa yanamlisha mkulima kila wiki na kaboni inakaa kando kama mambo ya mradi. Hakuna mtu anayelala njaa akingoja bei ya hewa ipande huko London.

Hewa ya bayogesi inahesabiwaje?

Kinyesi kibichi cha ng'ombe kikichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipo na hewa, bakteria hukila na kutoa gesi. Zaidi ya nusu ya gesi hiyo ni methani, na methani ndiyo inawaka jikoni. Ikitoroka angani bila kuchomwa, tani moja yake hupasha dunia joto kama tani 28 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hivyo mtambo hupata krediti kwa njia mbili: kuni na makaa ambayo hayakuchomwa, na methani ambayo ingetoroka kutoka kwenye shimo la samadi.

Hapa kuna kitu ambacho wauzaji hukiruka. Ng'ombe anayelishwa ndani, samadi yake ikirundikwa shimoni ikiwa majimaji, hutoa methani nyingi. Lakini ng'ombe aliyefungwa kamba kando ya barabara, akidondosha kinyesi kwenye nyasi na jua likakikausha, methani ya kinyesi hicho ni kidogo sana. Huwezi kulipwa kwa kuzuia kitu ambacho hakikuwa kinatoroka. Ng'ombe wengi wa vijijini ni wa aina hii ya pili, kwa hivyo boma lao litategemea kuni peke yake kwa sehemu kubwa ya krediti.

Na kuni nazo zina maswali. Mradi lazima uonyeshe kwamba kuni hizo zilikuwa zinamaliza miti kuliko inavyoota. Matawi ya grevilea mliyopogoa hapo kwenu, ambayo mwaka ujao yatakuwa yamechipuka, si sawa na mti uliong'olewa msitu wa Elgon. Ukitaka krediti zifure, unasema tu kwamba karibu kila ukuni unatoka kwa msitu unaokufa. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kwenye jarida la Nature Sustainability uchambuzi wa miradi ya majiko, wakapata kwamba krediti zilizotolewa kwa miradi waliyoichunguza zilikuwa karibu mara tisa ya zilizostahili. Hayo yalikuwa majiko, si mitambo ya bayogesi. Lakini mnunuzi akiingiwa na hofu hachambui sana, anaogopa kila kitu chenye neno kupika, na bei inashuka hadi kwa yule aliyepima vizuri.

Sharti jingine huwaumiza watu wema: krediti ni za kitu ambacho kisingetokea bila pesa ya kaboni. Jirani aliyejijengea mtambo mwaka 2012 kwa bonasi ya miwa hana cha kuuza, hata kama amepika kwa bayogesi tangu siku hiyo. Inakera, najua, lakini ndiyo sheria ya mchezo, na ukiona mtu anataka kumsajili jirani huyo kama mteja mpya, jua mradi huo unapika hesabu kabla ya kupika ugali.

Ng'ombe wawili wa Kamukuywa

Tuseme mathe wako ana ng'ombe wawili wa gredi hapo Kamukuywa, wanalishwa ndani. Wawili hao watatoa kama kilo 25 za kinyesi kwa siku. Kilo moja hutoa karibu lita 35 za gesi, kwa hivyo mna kitu kama lita 900, mita moja ya ujazo kasoro kidogo. Jiko la nyumbani la bayogesi hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Hizo ni saa mbili na nusu za moto: chai ya asubuhi, ugali na mboga jioni, maji ya kuoga ya mzee. Githeri ya kuchemka nusu siku haimo, kwa hiyo hapo kuni zitarudi.

Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina nguvu ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi. Kwa mwezi, ng'ombe wa mathe wanakupa sawa na kilo 12 hivi, yaani karibu mtungi mzima wa kilo 13. Ukichukulia kuujaza ni Sh3,000, hiyo ni zaidi ya Sh30,000 kwa mwaka.

Sasa kaboni. Kwa mtambo mdogo wa nyumbani unaotumika kila siku, tuchukulie tani 4 kwa mwaka. Bei tuchukulie dola 5 kwa tani, kuna mwaka itakuwa juu na kuna mwaka chini. Hizo ni dola 20, kama Sh2,600. Na ni kabla ya mkaguzi, msajili, dalali na ofisi ya mradi kuchukua chao. Tuseme familia inabaki na nusu. Sh1,300 kwa mwaka mzima! Hiyo ni kama kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 mara moja, basi.

Lakini tuwe wakweli pia kuhusu zile Sh30,000, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa tao hukosea. Nyumbani kwa wengi hakuna mtungi wa kuokoa. Watu wanapika kwa kuni, na kuni zinaitwa za bure kwa sababu anayezileta halipwi. Kwa hivyo mtambo ukifanya kazi, mzee anaweza kusema hajaona pesa yoyote, na hatakuwa anadanganya. Walioona ni mathe na dada zako: masaa ya kutafuta kuni, mgongo, macho yanayowasha, kikohozi cha jikoni. Hakuna anayetuma hiyo kwa M-Pesa, lakini muulize mathe kama angerudi nyuma.

Halafu kuna lile tope linalotoka upande wa pili wa mtambo. Limeshaoza, harufu yake si kali, na nitrojeni bado imo ndani. Kwa eneo ambalo kila Machi ni kilio cha bei ya DAP, kulimwaga mtaroni ni dhambi. Mwageni kwenye nepia, sukuma wiki na mahindi, mpunguze magunia ya dukani. Mimi ningeweka tope juu ya kaboni bila kufikiria mara mbili.

Pesa ya kaboni inafaa wapi, basi? Mwanzoni. Mtambo wa matofali na saruji unaweza kumeza zaidi ya Sh100,000, na huo ndio ukuta ambao familia nyingi hazipandi. Mwaka 2009 kulianzishwa mpango wa bayogesi wa nchi kadhaa za Afrika kwa pesa za serikali ya Uholanzi, na Kenya ikiwa mojawapo pamoja na Uganda, Tanzania, Ethiopia na Burkina Faso. Hapa kwetu mkulima alipewa ruzuku ya Sh25,000 kwa mtambo. Siku hizi kampuni kama Sistema.bio, iliyoanzia Mexico na inayouza mitambo ya mfuko badala ya ile ya matofali, hutumia mapato ya kaboni kushusha bei kwa mkulima. Koko nao walikuwa wakiuza mafuta ya kupikia kwa bei ya chini huku mijini kwa ujanja wa aina hiyo hiyo.

Katika mpango kama huo, pesa yako ya kaboni umeshaila siku ya kununua, kama punguzo. Si wizi. Ni biashara halali na kwa familia isiyo na Sh100,000 ni bora kuliko Sh1,300 za kila Desemba. Ubaya unakuja pale ambapo hakuna aliyekueleza, na unakaa miaka ukingoja ujumbe wa M-Pesa ambao haukuwa sehemu ya mpango.

Karatasi yenyewe

Sheria ipo. Rais Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi Septemba 1, 2023, siku chache kabla ya kongamano la tabianchi la Afrika pale KICC, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Humo utakutana na namba ambazo watu hupenda kuzitaja wakishashiba: miradi inayotegemea ardhi inafaa kupeleka angalau asilimia 40 ya mapato yake kwa jamii, na isiyotegemea ardhi asilimia 25. Sikiza vizuri: kwa jamii. Asilimia hizo hazimaanishi kwamba mathe wa Kamukuywa anapewa robo ya krediti zake mkononi. Yeye atalindwa na kile kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Kwa hivyo isomwe, na kama ni ya Kizungu cha mawakili, wewe uliye na simu janja ndiye mtafsiri. Tafuta mahali inaposema krediti ni za nani, kwa sababu karibu kila mkataba huwa na sentensi inayomfanya mkulima aachilie haki hiyo, na mara nyingi imejificha kwenye fomu ya kununua mtambo. Kuachilia si kosa, bora ujue umeachilia kwa bei gani. Kama kuna asilimia, uliza ni asilimia ya nini: ya mauzo, ama ya kile kinachobaki wakubwa wakishakula? Uliza ni ya miaka mingapi, na mtambo ukipasuka mwaka wa tatu nani anakuja kuuziba. Mtambo unaovuja ni balaa mara mbili, maana unatoa methani moja kwa moja na mathe amesharudi kwa kuni huku mtu Ulaya akihesabiwa kuwa amesafisha hewa.

Na ng'ombe akiondoka je? Hili swali ni la Bungoma hasa. Matanga yana ng'ombe wake, mahari ina ng'ombe wake, na Agosti ya kila mwaka wa tohara, ile miaka ya 2024, 2026 na kuendelea, kuna fahali atakayeangushwa. Trans Nzoia nako ada ya shule ya Januari hufungua zizi. Mtambo uliojengewa ng'ombe wawili ukibaki na mmoja, moto unakuwa wa kuchemsha chai tu. Mkataba wa miaka 10 ulioandikwa na mtu ambaye hajawahi kuhudhuria matanga Kanduyi hautakuwa umefikiria jambo hilo. Hata maji: kilo 25 za kinyesi zinataka karibu lita 25 za maji kila siku, na kiangazi cha Februari kisima kikikauka, nani ataenda mtoni kwa sababu ya bakteria?

Halafu kuna yule wa kusajili. Nyumba moja haiwezi kuuza krediti peke yake, ukaguzi pekee ungekula miaka ya mapato. Ndiyo maana miradi hukusanya maelfu ya mitambo pamoja na kuisajili kwa mashirika kama Gold Standard ama Verra, na gharama hiyo ni ya mradi. Mtu akija kukuomba Sh2,000 za kuandikisha mtambo wako wa kaboni, mpe chai na umsindikize hadi barabarani. Mradi halisi una jina kwenye sajili, na sajili hizo ziko mtandaoni, bure, unaweza kuangalia ukiwa kwa matatu kabla hujafika Webuye. Huku nyumbani NEMA ndio wa kuulizwa.

Na sisi vijana?

Vijana wengi hatuna ng'ombe wala shamba. Hati ya ardhi iko kwa jina la mzee, na wakati mwingine bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Kwa hiyo kaboni haitatulipa kama wakulima hivi karibuni. Lakini mtambo hujengwa na mtu. Fundi anayejua kuta za mviringo na lipu isiyopitisha gesi ni adimu kuliko fundi wa nyumba, na bado mitambo mingi imelala kwa sababu ya valvu ya bei ya nauli, bomba lililotoboka ama jiko lililoziba kutu. Mtu mwenye pikipiki, spana na vipuri, anayezunguka Kiminini hadi Misikhu akifufua mitambo iliyokufa, hahitaji kungoja bei ya hewa. Wapo pia wanaofunga tope kwenye mitungi na kuwauzia wenye bustani za mboga. Na miradi ya kaboni yenyewe huajiri watu wa kutembea boma hadi boma wakiuliza jana ulipika na nini. Hiyo kazi ukiipata, andika ukweli. Ukimkuta mathe amewasha kuni, andika kuni.

Jambo la mwisho ni jina. Kwenye maboma mengi mzee ndiye anatia sahihi kwa sababu ndiye mwenye ng'ombe na shamba, halafu mathe ndiye anakoroga kinyesi saa kumi na mbili asubuhi akiwa amefunga leso. Kama kuna malipo yoyote ya kila mwaka, hata ni zile Sh1,300, fomu huwa na nafasi ya kuandika namba ya simu. Ukiwa unawasomea hiyo karatasi, ukifika hapo, andika ya mathe.